Juu ya Starehe ya Merikebuni

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyatamani kwa siku nyingi na kuyapata kwa siku chache ni starehe. Mkulima huitamani akiwa na jembe mkononi, karani huitamani nyuma ya meza yake, na mwanafunzi huitamani katikati ya kitabu, ingawa huyu wa mwisho aghalabu huipata kabla ya kuistahili. Kila mmoja husema moyoni: nikipata nafasi nitakwenda mahali nikae, nisifanye lolote. Haulizi ni nani atakayefanya wakati yeye hafanyi. Swali hilo ndilo ninalotaka kulifikiri hapa, nalo ni hili: starehe ya mtu mmoja, inaposimama juu ya kukesha kwa mtu mwingine, je, ni mali halali aliyoinunua, au ni amana aliyokabidhiwa?

Nimechagua kulitazama swali hili katika merikebu. Nchi kavu laweza kufichwa. Anayestarehe hukaa mtaa mmoja, na anayemtumikia hukaa mtaa mwingine, wala hawaonani ila mlangoni. Katika chombo hakuna mtaa wa pili. Anayelala na anayekesha hutengwa na bamba la chuma tu, na maji yakiingia huwaingilia wote wawili.

Kabla ya kupanda chomboni yafaa tuyasikilize maneno yenyewe. Kupumzika ni neno lenye pumzi ndani yake. Aliyepumzika ni mtu aliyerudiwa na pumzi yake baada ya kazi kuichukua. Kwa hiyo neno hili halina anasa yoyote, ni haja ya mwili kama maji na chakula. Starehe ni neno la namna nyingine. Asili yake ni Kiarabu, lakini Waswahili wamelipa kazi ambayo ni yao wenyewe. Mgeni anapoingia, na mwenyeji akataka kuinuka kwa heshima, mgeni husema: "Starehe!" Maana yake, usijisumbue, kaa ulivyokaa. Tazama vyema jinsi neno hilo linavyokwenda. Husemwa na aliyesimama kumwambia aliyeketi. Hakuna mtu anayejiambia mwenyewe starehe. Katika adabu yetu, basi, kustarehe ni jambo ambalo mtu huruhusiwa na mwenzake, na mwenzake huyo, kwa muda anapolisema, yuko juu ya miguu yake.

Liko neno la tatu ambalo wasomi wa gazeti hili wataniwia radhi nikilitaja. Shule tuliipata kwa Wajerumani, nao Wajerumani waliipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kiyunani, na kwa Wayunani neno hilo lilikuwa na maana ya faragha, wakati ambao mtu hana kazi ya lazima. Kwao mtu aliyekuwa na nafasi ndiye aliyeweza kufikiri. Aristotle alifundisha kwamba twafanya kazi ili tupate faragha, kama tupiganavyo vita ili tupate amani. Fundisho hilo ni zuri. Lakini mwalimu yuyo huyo alijua vizuri nani alikuwa akisaga nafaka wakati raia wa Athens wakizungumza, wala hakulificha: alisema kwamba laiti chombo cha kufumia kingejifumia chenyewe, mabwana wasingekuwa na haja ya watumwa. Tangu siku hizo zimepita karne ishirini na tatu. Chombo kinajifumia. Mashine inasaga, inapiga makasia, inachota maji, inawasha taa. Haki yetu ni kuuliza kama watumishi nao wamepumzika.

Tuichukue mojawapo ya merikebu kubwa kuliko zote zinazobeba watu kwa ajili ya starehe. Inaitwa Icon of the Seas. Ilianza safari zake Januari 2024 kutoka Miami, Marekani, na huzunguka visiwa vya Karibi kwa siku 7, kisha hurudi pale ilipotoka. Urefu wake ni mita 365. Yaweza kuchukua wasafiri 7,600 ikiwa imejaa, na watumishi wake ni 2,350. Msafiri haendi popote kwa haja. Hana shauri la kukata, hana jamaa wa kumzika, hana mzigo wa kuuza. Amenunua wiki moja ya kutoulizwa neno. Asubuhi kitanda hutandikwa na mtu asiyemwona, na usiku sakafu hupigwa deki na mtu ambaye hatamjua. Wengi wa watu hao wametoka Ufilipino, India, Indonesia na visiwa vya Karibi vyenyewe, na katika miaka ya karibuni vijana wa Mombasa nao wametafuta kazi katika merikebu za namna hiyo. Mkataba wao ni wa miezi mingi. Msafiri mmoja huondoka na mwingine huingia juma hilo hilo, na starehe huanza upya kwa huyu mpya. Kwa mtumishi jambo lililoanza upya ni kazi.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba injini haikupunguza idadi ya watumishi, bali imewaongeza. Mashine ilipochukua kazi ya kusukuma chombo, mwanadamu alibuni haja nyingine mia za kutumikiwa. Aristotle alikosea katika hesabu yake, maana alidhani haja ya bwana ina mwisho.

Msomaji wa Mwanza aweza kusema kwamba mambo hayo ni ya mbali. Si ya mbali kama yanavyoonekana. Jamaa ya Meyer, wajenzi wa merikebu wa Papenburg, Ujerumani, ambao karakana zao katika Ujerumani na Ufini zimejenga nyingi za merikebu hizo za starehe pamoja na hiyo niliyoitaja, ndio walioijenga mwaka 1913 ile Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma, na kuunganishwa huko ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Iliinuliwa mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba katika Ziwa Tanganyika. Hivyo jamaa moja ya wajenzi imezaa ndugu wawili: mmoja wa kuchukua watu waliochoka na kazi, na mwingine wa kuchukua watu pamoja na kazi yao, magunia, kuku na dagaa.

Ziwa letu la Nyanza nalo lilipata vyombo vyake kwa njia hiyo ya vipande. Stima ya kwanza, William Mackinnon, ilijengwa Scotland na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900, wakati reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado kufika ziwani. Ilifika mwaka uliofuata. Sehemu ya njia, chuma cha stima hiyo kilibebwa na binadamu. Starehe ya kwanza ya merikebuni katika ziwa hili ilifika juu ya vichwa vya wapagazi, na majina ya wapagazi hao hayakuandikwa katika ubavu wa chombo. Lililoandikwa lilikuwa jina la mwenye kampuni. Ziwa lenyewe lilikwisha kupewa jina la malkia mwaka 1858, Speke alipoliona kutoka upande huu wa Mwanza, na waliokuwa wakivua samaki pale hawakuulizwa.

Baadaye, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ilikuja Victoria. Ilijengwa Scotland, ikaunganishwa Kisumu, na kuanza kazi mwaka 1961. Katika siku hizo mtu mwenye fedha aliweza kulizunguka ziwa kwa kujifurahisha, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, na bandari za Uganda, akilala katika chumba chenye shuka nyeupe na kula mezani kwa uma na kisu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 chombo hicho kikawa cha Tanzania, na safari yake iliyojulikana zaidi ikawa ile ya usiku kati ya Mwanza na Bukoba kupitia Kemondo. Mwaka 2020, baada ya matengenezo makubwa, ilirudi majini ikiwa na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Sijui merikebu nyingine duniani ambayo mtu huingia ili alale ndani ya maneno yanayomwambia kwamba hapa ni kazi tu. Lakini jina hilo, likifikiriwa vizuri, si la mzaha. Ni kweli kwamba ndani ya chombo pana kazi tu. Usingizi wa abiria ni kazi ya mtu mwingine.

Tuipande basi safari hiyo ya usiku. Chombo kinang'oa nanga, taa za Kirumba na mawe makubwa ya Mwanza yanabaki nyuma, upepo wa ziwa unaanza, na abiria wa daraja la kwanza huenda chumbani kwake. Abiria wa daraja la tatu hutafuta pahali pa kuegemeza mgongo. Kwa desturi ya vyombo hivi, huyu wa pili hupumzika juu ya alichonacho: benchi, gunia, mkeka, mzigo wake mwenyewe. Mwenye kutazama kwa haraka atasema kwamba mmoja anastarehe na mwingine anataabika. Mimi sina hakika. Mchukue mama mchuuzi anayetoka Bukoba na ndizi zake. Nchi kavu yuko chini ya amri ya kila mtu: mume, watoto, mnunuzi, mtoza ushuru. Tangu chombo kitoke gatini mpaka kitakapofika, hapana mtu awezaye kumtuma. Hata akitaka kufanya kazi, kazi haiko. Amejinyosha juu ya khanga, kichwa kimewekwa penye mzigo ili usiibiwe, naye analala. Tajiri ameinunua starehe yake. Mama huyu ameiokota njiani, katikati ya kazi mbili. Huenda usiku huo ndio likizo pekee aliyo nayo mwaka mzima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwalaumu wanaume wa vijijini kwa kutumia sehemu kubwa mno ya maisha yao mapumzikoni, ilhali wanawake wa vijiji hivyo hivyo wanazidiwa na kazi. Na katika shauri hili sioni kwamba ziwa limebadilika sana tangu wakati huo.

Usiku wa giza lisilo na mwezi, aliyesimama kwenye sitaha huona mbali juu ya maji taa nyingi, zimetawanyika kama mji. Wageni husifu uzuri wake, na ni haki wausifu, kwa sababu ni kitu kizuri kweli. Lakini huo si mji. Ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa penye giza, kwa kuwa hufuata mwanga. Kila taa iliyoko pale, zamani ya karabai na siku hizi nyingi za umeme wa jua, ina watu chini yake ambao hawatalala mpaka alfajiri. Kitu ambacho macho ya anayestarehe hukiita mandhari, mikono ya mwingine hukiita kazi. Sisemi kwamba macho yafumbwe. Nasema kwamba mtu aliyekwisha kuambiwa zile taa ni nini hawezi tena kuzitazama kama mtu asiyeambiwa, wala uzuri haupungui kwake, umepata wenyewe.

Hapa najua mtu mmoja wa tabia kali ataniingilia kati. Atasema kwamba katika nchi maskini starehe yote ni wizi, na kwamba anayelipa fedha ili aketi bure juu ya maji angezitumia kwa dawati la shule au dawa ya hospitali. Maneno haya yana nguvu, lakini siyakubali. Kama starehe ni wizi, basi mama mchuuzi naye ni mwizi kwa zile saa zake, maana angeweza kusuka mkeka. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lilihesabu mapumziko na likizo zenye malipo kuwa haki ya kila mtu, na sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka. Mwenye tabia kali alipaswa kulalamika kinyume chake: si kwamba wako wanaopumzika, bali kwamba haki hiyo imeandikwa kwa ajili ya mwenye mwajiri. Mvuvi wa dagaa hana mwajiri wa kumpa siku 28. Mwezi mpevu ndio unaompa mapumziko, maana ukiwaka dagaa hawaonekani. Naye katika siku hizo hushona nyavu.

Waswahili, ambao hawakuwa wakali wala walegevu katika jambo hili, waliweka kipimo chao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huifahamu methali hii kama onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Kwangu ina heshima kubwa zaidi ya hiyo. Inakubali kwamba starehe ni haki ya mgeni, siku mbili kamili, bila kuulizwa. Kisha inamfanyia jambo ambalo hakuna hoteli inayomfanyia: inampa jembe, yaani inamwingiza katika watu wa nyumba. Jembe si adhabu. Anayepewa jembe amekoma kuwa mtazamaji. Upande wa Kagera, Mhaya humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, na mkono unaozitoa hukutana na mkono unaozipokea. Starehe ya namna hiyo ina uso wa mtu ndani yake.

Sasa, msafiri wa merikebu kubwa ya Karibi ni mgeni wa nani? Hufika kila bandari akiwa na nyumba yake, chakula chake na kitanda chake. Hushuka asubuhi na kurudi kabla ya jua kuchwa. Hana siku mbili, wala ya tatu haifiki. Hawezi kupewa jembe kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Iko sehemu ya pwani ya kaskazini ya Haiti, inaitwa Labadee, ambayo kampuni moja ya merikebu za starehe, Royal Caribbean, imeikodi kwa serikali tangu mwaka 1986 na kuizungushia ua. Wasafiri waliogelea ndani ya ua. Haiti iko nje. Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Port-au-Prince na kuua watu ambao hata makadirio ya chini kabisa huwahesabu kwa makumi ya maelfu. Siku tatu baadaye merikebu ilitia nanga Labadee, na wasafiri wakashuka pwani kuogelea. Ulimwengu ulikasirika. Kampuni ilijibu kwamba merikebu zake zilikuwa zimechukua vyakula vya msaada, na kwamba kutofika kungewanyima watu wa pale riziki yao. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Baadhi ya wasafiri walishuka, na wengine walikataa, wakabaki chomboni kwa kuwa chakula kisingepita kooni.

Ni vyepesi kuwahukumu waliogelea. Mimi naona ugumu wake, kwa sababu ya tarehe nyingine ambayo hapa Mwanza haihitaji kuelezwa sana. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Chombo kilikuwa cha watu 430. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya 800. Chombo kilielea kikiwa kimegeuka chini juu, na waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga. Matundu yalipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa ikikishikilia chombo ilitoka, nacho kikazama. Nilisema mwanzo kwamba kupumzika ni neno lenye pumzi ndani yake. Sitaliongeza neno.

Wengi wao walizikwa Igoma, na mnara wa kumbukumbu uko huko. Wengine hawakupatikana. Tangu siku hiyo kila anayesafiri usiku kutoka Bukoba anapita juu ya maji yale yale. Ziwa halina barabara nyingine ya kuzunguka kaburi. Je, haramu kulala pale? Je, haramu kucheka, kunywa chai sitahani, kusifu taa za wavuvi? Kama ndiyo, basi watu wa Ukerewe na Ukara, na watu wa kando ya ziwa lote, wasingecheka tena, maana kila jamaa ina mtu wake majini. Walio hai wa mwambao huu hawakuliacha ziwa. Walirudi kuvua baada ya matanga, na hapana mtu mwenye akili aliyewaambia kwamba wamekosa heshima. Kwa hiyo naamini kwamba waliogelea Labadee hawakukosea kwa kuingia majini karibu na msiba. Tofauti iko katika ua. Mtu wa Ukara anayecheka majini anawajua waliokufa. Ua wa Labadee ulijengwa, miaka mingi kabla ya tetemeko, ili anayestarehe asijue.

Na ua si lazima uwe wa waya. Katika habari zote za MV Bukoba liko jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko uzito wa mizigo na kasoro za chombo, ambazo wenye ujuzi wamezieleza. Orodha ya abiria ilikuwa na watu 443, nao walikuwa wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo sababu twasema zaidi ya 800, na wengine husema 1,000, wala hapana atakayesema hesabu kamili mpaka mwisho wa dunia. Aliyelipia kitanda alilipia pamoja nacho jina lake katika kitabu. Aliyelala juu ya gunia aliingia chomboni kama mzigo, ila kwamba hata mzigo aghalabu huandikiwa stakabadhi. Baina ya hao wawili hapakuwa na ukuta, palikuwa na karatasi tu. Usiku ule walisikia injini ile ile. Mwenye chumba alilala akijua kwamba yuko ndani ya merikebu yenye watu wengi. Hakujua, wala hakuna aliyejua, ni wangapi. Kutojua huko ndiko kulikokuwa starehe yake, na ndiko kulikokuwa hatari yake.

Tungeweza kudhani kwamba somo hilo lilitosha. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya soko, kivuko MV Nyerere kilichokuwa kikitoka Bugorora kwenda Ukara kilipinduka karibu kabisa na gati. Kilijengwa kwa watu 101. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 228. Waliookolewa ni 41. Watu wa Ukara ni wakulima wa jasho jingi, hulisha ng'ombe zizini na kuchukua samadi mpaka shambani, kwa kuwa kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi. Soko ndilo siku yao ya kunyosha mgongo. Siku ya pili baada ya ajali, wapigambizi walimkuta fundi wa mitambo akiwa hai katika chumba cha injini, mahali palipobaki hewa. Chumba ambacho abiria hawakiingii, kwa kuwa kina joto na kelele, ndicho kilichokuwa na pumzi.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaagiza kwamba baharia apate mapumziko ya saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Nimewahi kusikia watu wakiyacheka masharti haya kwamba ni ya wavivu. Kwa kweli ni masharti ya abiria. Usingizi wa aliyeko usukanini jana ndio usingizi wa aliyeko chumbani leo; akinyimwa huyo wa kwanza, huyu wa pili amekopeshwa kitu ambacho hakipo. Nisemapo kwamba starehe ni amana, sina maana ya huruma. Huruma ni kitu ambacho tajiri humpa maskini akipenda. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuja kuidai usiku.

Bandari ya Mwanza Kusini imejenga chombo kikubwa kuliko vyote vilivyotangulia katika ziwa hili, MV Mwanza, cha urefu wa zaidi ya mita 92, abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kikashushwa majini Februari 2023. Kina madaraja kama vilivyokuwa navyo vingine, na sioni ubaya wa madaraja; mwenye fedha na anunue shuka nyeupe. Ninachoangalia ni mlango wa daraja la mwisho. Kuandika majina huchukua muda. Karani atauliza jina la mama mchuuzi, na la msichana aliyefuatana naye, na la mtoto aliyeko mgongoni ambaye hakulipiwa nauli, na foleni itasimama, na saa ya kuondoka itapita. Abiria wa daraja la kwanza, ambaye ameshika ufunguo wa chumba chake na amekwisha kuvua viatu, atainuka kwenda kuuliza kwa nini anacheleweshwa. Ningependa awepo mtu karibu naye, amesimama, wa kumwambia: "Starehe, bwana. Bado wanaandikwa."